Unauza injini ya pikipiki ya mtumba? Ikague hivi kabla haijafungwa



Leo naongea na sisi tunaouza spea kwa simu. Unaposti injini kwenye kundi la WhatsApp, mteja anauliza "bosi, bei ya mwisho?", mnakubaliana, mzigo unapakiwa kwenye basi, hela inaingia. Biashara tamu. Utamu unaisha siku injini inapofungwa kwenye pikipiki na kuanza kugonga kama mtu anatwanga kisamvu.

Mimi nina duka dogo la spea hapa Singe, Babati. Nimeishia kidato cha nne, ufundi sijasomea popote. Nilichonacho nimekipata kwa kukaa na mafundi na kwa kupigwa na hasara. Hasara iliyonifundisha zaidi ni hii.

Niliona injini ya 150 kwenye kundi moja. Picha safi, injini inang'aa, maelezo yanasema "ipo vizuri sana, ni kufunga na kuondoka". Nikalipa 380,000, na nauli ya basi kutoka Arusha 15,000. Ilipofika sikuifungua hata plagi. Kulikuwa na kaka mmoja wa bodaboda anaisubiri kwa hamu. Pikipiki yake ni ya mkataba, injini imekufa, na hesabu ya tajiri haijui kama pikipiki imekufa. Nikamuuzia 460,000. Faida yangu 65,000 nilishaipangia matumizi kabla hata hajaondoka dukani.

Fundi akaifunga kwa 30,000. Siku ya tatu, yuko na abiria anatoka Dareda, injini ikaanza kugonga kwa chini. Kufika mjini ikagoma kuzunguka kabisa. Ilipofunguliwa, konrodi imelegea, beringi yake imesagika, oili imejaa vumbi la chuma.

Nikamrudishia 460,000 yake na ile 30,000 ya fundi. Injini nikaiuza vipande vipande, nikaokota 170,000. Piga hesabu: nilitoa 395,000, nikaongeza 30,000, nikapata 170,000. Hasara 255,000. Yaani injini moja imekula faida ya karibu injini nne.

Na huo ni upande wangu tu. Yule kaka alikaa siku 11 bila kazi huku hesabu ya mkataba inaendelea. Hela nilimrudishia, zile siku 11 sikuweza. Mpaka leo tukikutana ananisalimia vizuri tu, lakini plagi ananunua kwingine.

Baadaye nilienda kwa fundi mmoja mtu mzima, nikamwamkia, nikamuuliza, "Mzee, ningejuaje kama ile injini ni mbovu?" Akanijibu, "Ungeishika magneti ukaitikisa, kijana wangu. Dakika tano tu."

Dakika tano. Ndiyo maana naandika haya. Ubovu mwingi wa injini unaonekana ikiwa bado iko chini, haijafungwa. Ikishafungwa ikagonga, hapo hakuna kukagua tena, ni kugombana. Wewe muuzaji ndiye unayetakiwa kuujua ubovu kabla ya mteja.

VIFAA

Huhitaji gereji. Tafuta spana ya plagi, bisibisi, spana za kawaida, tochi ya simu, kijiti kirefu cha mshikaki, sumaku ndogo (ipo kwenye spika mbovu), beseni jeupe, oili kidogo na kitambaa. Ukipata hela, nunua geji ya kupimia komprisheni. Inajilipa yenyewe.

1. ANZA NA NAMBA, SIYO NA CHUMA

Kabla ya kusifia injini, tafuta namba yake. Imegongwa kwenye bodi ya injini, kwa chini. Futa matope, mulika tochi, isome herufi kwa herufi.

Kadi ya pikipiki kutoka TRA ina namba ya chasisi na namba ya injini. Muulize muuzaji injini imetoka kwenye pikipiki gani, akutumie picha ya kadi, ulinganishe. Ukiona sehemu ya namba imesagwa, imepakwa rangi nzito, au herufi zimepinda na hazilingani, achana nayo hata kama bei ni ya kutupa. Kupokea mali ya wizi huku unajua ni kosa la jinai, na "nilinunua mtandaoni" haitakusaidia polisi.

Andikishianeni. Hati fupi ya mauziano: jina la muuzaji, namba ya kitambulisho cha NIDA, namba ya injini, bei, tarehe, sahihi. Kama yuko karibu nawe, nendeni ofisi ya serikali ya mtaa mkashuhudiwe.

Na mteja wako mwambie mapema: akifunga injini yenye namba tofauti na iliyo kwenye kadi, aende TRA na ile hati kuulizia utaratibu wa kubadilisha namba ya injini kwenye kadi. Asipofanya hivyo atapata usumbufu siku ya kukaguliwa, au siku anataka kuiuza pikipiki.

2. HAKIKISHA NI INJINI INAYOINGIA

Pikipiki nyingi za Kichina zina kodi kwenye injini, kama 156FMI au 162FMJ. Hiyo kodi inasomeka hivi: 1 ni idadi ya silinda. 56 au 62 ni upana wa silinda kwa milimita. F ni injini inayopozwa na upepo. M ni ya pikipiki. Herufi ya mwisho ni ukubwa: I ni 125, J ni 150. Kwa hiyo mtu akikuuzia "150" na bodi inasoma 156FMI, muulize vizuri. Inawezekana kabadilisha silinda, au anakudanganya.

Ila kodi peke yake haitoshi. Kuna injini zenye asili ya Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, ambazo valvu zake zinasukumwa na fito, hazina cheni ya taimingi. Na kuna zenye cheni ya taimingi ndani. Zinaweza kuwa na kodi moja lakini vyuma vya ndani havifanani, na hata sehemu za kufungia kwenye fremu zinaweza kupishana. Boxer na TVS nazo zina mambo yao.

Kwa hiyo linganisha vitu vitatu na injini ya zamani: matundu ya kufungia kwenye fremu, mahali sproketi ndogo inapokaa, na waya zinazotoka kwenye magneti (idadi, rangi na soketi). Kama mteja yuko mbali, mwambie akupigie picha ya injini yake ya zamani kila upande. Nimeona mtu anasafirisha injini Babati mpaka Katesh, ikafika nzima kabisa, ila haiingii. Nauli ikalipwa mara mbili.

3. TUMIA MACHO KWANZA

Injini inayong'aa sana inanitia wasiwasi kuliko yenye vumbi. Rangi ya fedha iliyopulizwa juzi inaficha mengi. Angalia:

Nyufa, hasa karibu na sproketi ndogo. Cheni ikikatika mbio inavunja bodi pale. Angalia pia masikio ya kufungia injini kwenye fremu.

Sehemu iliyochomelewa au kuzibwa kwa gundi ya chuma. Siyo lazima iwe mbovu, ila mteja lazima aambiwe, na bei ishuke.

Gundi ya gasketi iliyovimba nje kwenye maungio. Maana yake injini imeshafunguliwa. Uliza kwa nini, na kilibadilishwa nini.

Vichwa vya bolti vilivyoliwa na spana. Vinaonyesha imefunguliwa mara nyingi, au na mtu asiye na spana sahihi.

Nati ya kumwagia oili. Ifungue uikaze. Kama inazunguka bila kukaza, meno ya ndani yameisha. Hiyo itakuja kumwaga oili njiani, na injini ikikaukiwa oili imekufa.

Tundu la moshi kwenye hedi. Weusi mkavu ni jambo la kawaida. Ukikuta limelowa oili, injini ilikuwa inakula oili.

Toa na plagi. Ikiwa imelowa oili, inasema jambo hilohilo. Angalia meno ya tundu lenyewe, maana hedi iliyokufa meno ya plagi ni gharama.

4. MWAGA OILI KWENYE BESENI JEUPE

Hapa ndipo injini inasema siri zake. Mwaga taratibu, kisha ipeleke juani.

Rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia. Kama injini ilikaa nje na maji, mulika ndani kutafuta kutu kwenye gia na beringi.

Vumbi linalong'aa: pitisha sumaku. Likinaswa ni chuma, yaani gia, beringi au krenki. Lisiponaswa linaweza kuwa aluminiamu ya pistoni au ya bodi. Unga kidogo sana, laini, kwa injini iliyotembea siyo ajabu. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, hapana. Hiyo injini isiuzwe kabla ya kufunguliwa.

Oili mpya kabisa na nzito sana: wapo wanaoweka oili nzito ili kuficha mlio na moshi kwa siku chache. Ukikuta hivyo, ongeza umakini kwenye hatua zinazofuata.

Hakuna oili kabisa: kama ilimwagwa kwa ajili ya kusafirisha, sawa. Fungua chujio la chini uangalie mabaki. Chujio halidanganyi kirahisi, wengi wanasahau kulisafisha.

5. ZUNGUSHA UKIWA UMETOA PLAGI

Plagi ikiwa nje, injini inatakiwa kuzunguka laini kwa mkono. Zungusha taratibu mizunguko kadhaa. Usikie kama kuna mahali inakwama, inakwaruza, au inakuwa nzito ghafla. Ikiwa imeganda kabisa, usiipige wala kuilazimisha. Inaweza kuwa kutu tu, au pistoni imegandia kwenye silinda. Kwa vyovyote hiyo ni injini ya kufungua, na bei yake ni ya vipande.

6. PIMA KOMPRISHENI

Komprisheni ni nguvu ya injini kubana hewa. Bila hiyo hakuna mlipuko, na pikipiki haipandi mlima.

Bila geji, ziba tundu la plagi kwa kidole gumba, mwenzako apige kiki kwa mkono huku injini imeshikwa vizuri. Kidole kinatakiwa kusukumwa kwa nguvu mpaka ushindwe kuzuia. Kama unazuia kirahisi, kuna tatizo.

Kwa geji ni bora zaidi, maana unapata namba ya kumwonyesha mteja. Kama kabureta imefungwa, vuta mafuta mpaka mwisho ili hewa iingie, ndipo upige kiki mara kadhaa mpaka mshale uache kupanda. Kipimo sahihi kinategemea injini, ila kwa hizi za bodaboda ikisoma chini ya 100 psi mimi siiuzi kama nzima.

Ikisoma chini, usikimbilie kusema imekufa. Mwagia oili kijiko kimoja cha chai kwenye tundu la plagi, zungusha mara mbili tatu, pima tena. Ikipanda sana, tatizo ni ringi au silinda, maana ile oili imeziba mwanya kwa muda. Isipopanda, tafuta kwenye valvu au gasketi ya hedi. Hapo tayari unajua gharama ya matengenezo iko wapi, na unaweza kushusha bei kwa hoja siyo kwa kelele.

7. KRENKI NA KONRODI: HAPA NDIPO NILIPOKUFA

Fungua kava ya magneti. Kwa injini nyingi za bodaboda iko upande wa kushoto. Weka beseni chini, maana nyingine zina oili ndani.

Kwanza, shika magneti kwa mikono miwili, isukume juu na chini. Isicheze. Ikicheza juu na chini, beringi za krenki zimekwisha. Ikisogea ndani na nje kidogo sana siyo lazima iwe ubovu, hapo mwite fundi aamue.

Pili, konrodi. Zungusha magneti mpaka pistoni iwe katikati ya safari yake. Ingiza kijiti cha mshikaki kwenye tundu la plagi kikae juu ya pistoni. Kiwe kirefu, na ukishikilie kwa vidole muda wote. Usitumie bisibisi, itakwaruza. Sasa tikisa magneti mbele na nyuma, kidogo sana. Magneti ikisogea, kijiti nacho kisogee papo hapo. Kama magneti inatembea kwanza huku kijiti kimetulia, halafu unasikia "tak" ndiyo kijiti kinafuata, konrodi ina mwanya. Usizungushe mzunguko mzima kijiti kikiwa ndani, kisije kukatikia humo.

Injini yenye mwanya huo inaweza kuwaka. Inaweza hata kutembea siku mbili tatu. Yangu ilitembea tatu. Kuibadilishia konrodi ni kupasua bodi yote, kwa hiyo hii siyo "kasoro ndogo", ni nusu ya bei ya injini au zaidi.

8. GIA, KIKI NA SHAFTI YA SPROKETI

Ingiza gia zote, moja moja, huku unazungusha shafti ya sproketi ndogo kwa mkono. Gia nyingine haziingii bila kuzungusha, usizilazimishe. Hesabu zote, na urudi nyutro. Gia inayojitoa yenyewe au isiyoingia kabisa ni kazi ya kupasua bodi.

Piga kiki kwa mkono mara kumi. Ikiteleza hata mara moja bila kushika, gia ya kiki imechoka. Angalia na meno ya shafti ya kiki.

Shika shafti ya sproketi, itikise juu na chini. Isicheze sana. Angalia meno yake. Yakiwa yamechongoka, sproketi haitakaa, itacheza mpaka iyamalize. Mulika oili sili ya nyuma yake. Ikiwa imelowa, badilisha, ni ya bei ndogo.

9. IWASHE KABLA YA KUIUZA

Mafundi wengi wana fremu ya zamani ya kujaribia. Mlipe fundi hela yake, mfunge injini hapo. Weka oili kwanza! Kisha plagi ikiwa nje na swichi imezimwa, piga kiki mara 20 au 30 ili oili ipande juu. Ndipo uwashe. Fanyia nje, siyo ndani ya duka, maana moshi wa injini unaua bila harufu kali. Petroli iwe mbali na sigara, na vidole mbali na sproketi.

Injini iwe ya baridi unapoiwasha. Kama unanunua na ukakuta muuzaji ameshaipasha moto, iguse, uliza kwa nini, subiri ipoe.

Mlio mzito wa kugonga kwa chini: konrodi au beringi za krenki. Zima.

"Tiki tiki" nyepesi juu kwenye hedi: mara nyingi ni mwanya wa valvu unaotaka kurekebishwa.

Mlio wa kukwaruza pembeni, kwa zenye cheni ya taimingi: cheni au kikazio chake.

Moshi wa bluu usiokoma: inaunguza oili, ringi au silinda imechoka. Ukitoka mwanzoni tu ukapotea, kashuku sili za valvu. Moshi mweusi ni mafuta mengi, anza na kabureta na chujio la hewa. Mweupe mwepesi wakati wa baridi, hasa asubuhi zetu za Babati za mwezi wa saba, mara nyingi ni mvuke tu.

Iache iungurume dakika 10 hadi 15, zima, tafuta panapovuja, kisha iwashe tena ikiwa moto. Inayowaka baridi na kugoma ikiwa moto ina tatizo, mara nyingi kwenye valvu au koili.

10. AMUA: NZIMA, YA MATENGENEZO, AU YA VIPANDE

Baada ya hapo mimi naiweka injini kwenye fungu moja kati ya matatu.

Nzima: imepita zote. Naiuza kwa bei yake na dhamana ya siku saba.

Ya matengenezo: ina ringi, valvu au sili za kubadilisha. Naitengeneza kwanza, au namuuzia mteja kwa bei ya chini nikimtajia kasoro kwa maandishi.

Ya vipande: konrodi, krenki, bodi iliyopasuka, au namba yenye utata wa kusomeka ambayo hata hivyo ina kadi na hati halali. Isiyo na karatasi siiingizi dukani kabisa.

Ukishindwa kuamua, iweke fungu la chini. Hutajuta.

JINSI YA KUIPOSTI

Usiandike "ipo vizuri sana". Kila mtu anaandika hivyo. Andika ulichokiona. Mfano:

"Injini 162FMJ ya mtumba. Ina hati ya mauziano na picha ya kadi ya pikipiki ilikotoka. Komprisheni imepimwa, video ipo. Konrodi na krenki hazichezi. Gia zote zinaingia. Kasoro: oili sili ya sproketi nimebadilisha mpya, kava ya klachi imekwaruzika. Dhamana siku 7 kama alama za rangi kwenye nati hazijaguswa."

Video iwe moja, isiyokatwa: anza na namba ya injini, onyesha geji, onyesha magneti inavyotikiswa, iwashe ikiwa baridi. Video inajibu maswali ya inboksi nusu nzima. Na wewe ukiwa mnunuzi, mwombe muuzaji arekodi hivyohivyo huku anataja jina lako na tarehe, ujue siyo video ya injini nyingine ya mwaka jana.

Zile alama za rangi ni hivi: gusa kwa rangi ya kucha kwenye bolti za hedi na za kava, nusu kwenye bolti nusu kwenye bodi. Ikirudi na rangi imekatika, ujue imefunguliwa. Inakulinda wewe na inamlinda mteja, maana hakuna wa kumsingizia mwenzake.

Kabla ya kupakia kwenye basi mwaga oili na petroli yote, ziba tundu la moshi na la kabureta kwa kitambaa na gundi ya karatasi ili vumbi lisiingie, kisha andika kwa kalamu nene juu ya mzigo: HAINA OILI. Usiache hata siku moja. Mtu akiipokea kwa haraka akaipiga kiki ikiwa kavu, umepoteza injini nzima uliyoihangaikia.

SIKU YA KUFUNGA

Mtumie mteja ujumbe huu mfupi: asafishe chujio la oili, aweke oili mpya ya pikipiki (maandishi JASO MA kwenye chupa, maana oili nyingine za gari zinafanya klachi iteleze), kiasi ni karibu lita moja kwa injini nyingi za 125 na 150 lakini ahakikishe kwa kijiti au kioo. Aweke plagi mpya, arekebishe mwanya wa valvu kwa kipimo cha injini hiyo, aangalie chujio la hewa. Siku mbili tatu za mwanzo asibebe mizigo mizito wala asipande milima kwa fujo, na aangalie oili kila asubuhi. Baada ya hapo aimwage aone rangi yake.

Mwisho wakuu. Injini moja ninaikagua kwa saa moja hivi, pamoja na kuiwasha inafika saa mbili. Kuna siku naona uvivu, hasa mteja akiwa amesimama na hela mkononi anasema "nipe tu kaka, naiamini". Siku hizo ndizo ninazokumbuka siku 11 za yule kaka wa Dareda. Namwambia mteja akae kwenye benchi anywe maji, mimi nichukue kijiti cha mshikaki. Wengine wanaondoka. Wengi wanabaki, na wakiondoka na injini hawarudi kugombana, wanarudi kununua plagi.

Kama kuna mwenzako anauza spea kwa simu, mpelekee hii kabla hajaposti injini nyingine. Kazi njema.